Mwalimu, nimeweka tiki kwenye kitabu ambacho sijakisoma

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nina miaka 46, mama wa watoto wawili. Mkubwa yuko chuo. Mdogo ni binti, yuko kidato cha tatu, naishi naye. Safu yako huwa naisoma kwenye simu, mara nyingi nikisubiri pasi ipate moto. Sijui kama tatizo langu linastahili kujibiwa, lakini linaninyima raha.

Desemba mwaka jana tulikutana msibani Uyole, mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya msingi. Yeye ana duka la dawa za mifugo hukohuko Uyole. Usiku wa matanga tukawa tunakumbushana vitabu tulivyokuwa tunaazimana mpaka majalada yanatoka. Mara tukaona aibu. Mwenzangu alikuwa hajamaliza kitabu tangu ajifungue mwanawe wa kwanza, na mimi tangu nitoke kidato cha nne. Tukapeana chalenji palepale: vitabu 24 kwa mwaka, aina 12, kila aina vitabu viwili. Tuliziandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya mazishi, Mungu atusamehe. Riwaya ya mapenzi, ya upelelezi, ya kihistoria, hadithi fupi, tamthiliya, ushairi, wasifu, safari, dini, biashara, sayansi na afya, na vitabu vya watoto.

Niliporudi, binti yangu alifurahi kuliko mimi. Akachora jedwali kwenye manila, rangi tatu, akalibandika kwenye chumba cha kazi, pembeni ya kioo ambacho wateja hujitazamia nguo. Kwa hiyo kila anayekuja kujaribu gauni analisoma. Mmoja aliniuliza kama nasoma ili nigombee ubunge.

Sasa ni Septemba. Mwenzangu amefika 19. Mimi jedwali linasema 9, na kati ya hivyo tisa kimoja ni cha uongo.

Nikueleze ilivyokwenda. Januari sikufungua hata ukurasa mmoja, nilizama kwenye sare za shule. Februari nikaanza na riwaya ya upelelezi, nikaimaliza siku tano, nikajiona bingwa. Baadaye nikasoma viwili vya mapenzi, viwili vya dini, viwili vya watoto, na kimoja cha hadithi fupi. Hapo nikakwama. Mwezi wa sita baridi ikaja na kazi za masweta na majaketi, na tangu hapo nikilala na kitabu, kurasa mbili tu herufi zinaanza kutembea, kichwa kinauma, nasinzia. Nina riwaya ya kihistoria ya kurasa zaidi ya 300 niliyoianza Juni. Mpaka leo niko ukurasa wa 41. Nimekuwa mvivu, Mwalimu. Hata uzi kwenye sindano siku hizi natungiwa na binti.

Ushairi ndio umenishinda kabisa. Nasoma ubeti mara tatu, naona maneno yamepangwa vizuri kama matofali, lakini nyumba siioni.

Mwezi wa nane rafiki yangu akanitumia picha, kikombe cha chai juu ya rundo la vitabu, na maneno mawili: "Kumi na tisa!" Usiku ule nilichukua kalamu nikaweka tiki kwenye ushairi, kwa diwani ambayo binti yangu anaisoma shuleni. Sikuwa nimesoma hata mashairi mawili. Kesho yake, anatia vifungo kwenye shati la mteja, akaniuliza, "Mama, umependa shairi lipi?" Nikamjibu, "Yote." Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye vifungo vyake. Zamani kila Jumapili alikuwa anahesabu jedwali kwa sauti. Tangu siku ile hajalihesabu tena.

Nimwambie, au niisome diwani haraka kimyakimya ili tiki iwe ya kweli? Chalenji niiache? Na je, vile vitabu vyembamba vya watoto nilivyohesabu si udanganyifu pia? Halafu hapa kwetu riwaya ni za kubahatisha, maduka yanauza daftari na vitabu vya shule. Mwenye kusoma vitabu 24 anavitoa wapi?

Mama Fundi, Makambako


JIBU

Marahaba, Mama Fundi. Habari za upepo wa huko.

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza. Umeandika kwa kupita tu, katikati ya kujilaumu, kwamba uzi unatungiwa na binti. Hapo nikaiweka barua chini nikacheka peke yangu, maana nilikuwa mwalimu wa darasani mpaka miaka 60, na nilipofika 44 nilianza kusahihisha daftari nikiwa nimeinyoosha mikono kama mtu anayebeba sinia la moto. Wanafunzi waliona kabla yangu. Mdogo wangu, huo si uvivu. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo hujikunja ili uone kitu cha karibu, na kuanzia miaka ya arobaini hivi huanza kukakamaa. Haijikunji tena vizuri. Kitu cha mbali unakiona sawasawa, unamtambua mteja akiwa ng'ambo ya barabara, lakini tundu la sindano limepotea na herufi "zinatembea". Halafu misuli ya jicho inajitahidi, kichwa kinauma, unafunga kitabu na kujiita mvivu. Wewe unashona mchana kutwa kwa macho hayohayo, kisha usiku unayadai yasome riwaya ya kurasa 300 ukiwa umelala chali chini ya balbu ya katikati ya chumba. Hata mimi ningesinzia.

Nenda ukapime macho kwenye hospitali yenye kitengo cha macho. Usikimbilie kununua miwani ya mtaani kwanza, si kwa sababu ni mibaya yote, bali kwa sababu maumivu ya kichwa na macho kwa mtu wa miaka 46 yanaweza kuwa na sababu nyingine, presha ya macho kwa mfano, na hiyo haionekani kwa kujaribisha miwani kwenye meza ya mmachinga. Wakikwambia ni miwani ya kusomea tu, shukuru. Utatunga uzi mwenyewe, na ule ukurasa wa 41 utaona ulikuwa na maandishi ya kawaida kabisa.

Na ukitoka kupima utakuwa na maswali kuhusu jicho. Hapo ndipo kitabu chako cha sayansi na afya kinapoingia. Usitafute cha sayari wala cha atomu kwa sababu tu jedwali lina neno "sayansi". Tafuta cha jicho, au cha kisukari kama kipo kwenye ukoo, au cha parachichi kama una miche nyuma ya nyumba.

Sasa kalenda. Ulianza Januari kwa sababu kalenda ya ukutani huanza Januari. Mwaka wa fundi cherehani hauanzi Januari, na hilo ulilijua kabla sijalijua mimi. Desemba nguo za sikukuu, Januari sare, Juni na Julai masweta. Mwenzio yuko nyuma ya kaunta ya dawa za mifugo. Anaingia mtu mmoja anataka dawa ya kupe, anatoka, kunakuwa kimya nusu saa. Ana kazi inayomwachia mikono na macho. Kazi yako inachukua vyote viwili. Kumi na tisa zake na nane zako hazikupimwa kwa futi moja, kwa hiyo acha kuziweka pamoja. (Ile picha ya kikombe cha chai, kwa maoni yangu, ilikuwa na majivuno kidogo. Usimwambie nimesema.)

Fanya hivi: mwaka wako wa kusoma uishe Februari 28, sare zikiwa zimekwisha. Desemba na Januari zihesabu kama hazipo. Halafu turudi kwenye ile karatasi ya ratiba ya mazishi. Nia yenu ilikuwa upana; hiyo ndiyo maana ya aina 12. Idadi ya 24 ilikuja baadaye, kwa sababu "viwili viwili" husikika vizuri usiku wa matanga. Katika aina 12, tano umeshazigusa: upelelezi, mapenzi, dini, watoto na hadithi fupi. Zimebaki saba: kihistoria, tamthiliya, ushairi, wasifu, safari, biashara, sayansi. Kitabu kimoja kimoja. Nane ulivyosoma kweli, ongeza saba, ni 15. Hiyo ndiyo namba ninayokupa, na sitaki kusikia 24 tena mwaka huu.

Na saba hizo, si zote za macho.

Hapa nataka nikae kidogo. Una mtu wa kidato cha tatu ndani ya nyumba, anajua kusoma kwa sauti, na mko chumba kimoja kila jioni, yeye akitia vifungo na wewe ukikanyaga cherehani. Kuna aina za maandishi ambazo hazikuandikwa zisomwe kwa kimya. Tamthiliya iliandikwa isemwe. Ushairi wetu ulitungwa uimbwe. Ndiyo sababu umeona matofali usione nyumba: umekiangalia kwa macho yaliyochoka kitu kilichotakiwa kipite masikioni.

Chukua utenzi. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari mizani nane, yaani silabi nane. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani huishia kwa silabi moja, wa nne una kina chake ambacho hurudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi unaisha. Nimekutungia mmoja hapahapa kibarazani, Gangilonga, Iringa, ili usiseme mashairi ni ya watu wa pwani tu:

Baridi ya Makambako
haina huruma kwako,
vuta kigoda na jiko,
usome huku waota.

Hesabu kwa vidole: ba-ri-di-ya-ma-ka-mba-ko. Nane. Sasa usisome, piga cherehani ya miguu polepole uuseme ubeti juu ya mwendo wake. Utaona kanyagio linagonga pamoja na mizani. Si utenzi mzuri, najua; "waota" nimeulazimisha pale kwa sababu nilihitaji silabi tatu, na mtu wa Makambako angesema "unaota moto". Lakini hilo nalo ni somo. Ukishaona mtunzi alipobanwa na mizani, umeanza kusoma ushairi. Binti yako amefundishwa haya yote shuleni, vina, mizani, vipande, na nina hakika anayachukia kwa sababu yalikuja kama maswali ya mtihani. Mpe nafasi ayatumie kumfundisha mtu.

Kama mtataka wenyewe, kuna utenzi ambao mama alimtungia binti yake: Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, kutoka upande wa Pate na Lamu. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, akamwachia bintiye wosia kwa beti mia moja na kidogo. Lahaja ni ya kaskazini, kwa hiyo tafuteni toleo lenye maelezo pembeni, la sivyo mtakwama ubeti wa pili. Na nikuonye: sehemu kubwa ya wosia ni namna ya kumtumikia mume, mpaka kumpepea akilala. Binti wa kidato cha tatu atakuwa na la kusema. Mwache aseme. Ubishi mtakaoupata juu ya cherehani una thamani kuliko tiki kumi. Na akitaka mashairi yasiyo na vina kabisa, mwambie aulizie Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, kilichowafanya watu wazima na akili zao wagombane miaka mingi kama yale ni mashairi au si mashairi.

Hapo nadhani umeshaona jibu la ile tiki. Kuisoma diwani kimyakimya ili uongo ugeuke kweli ni njia ya mtu aliyeshona mkono wa shati kinyume, akapiga pasi kwa nguvu ili mteja asione. Mteja ameshaona. Binti alipouliza "shairi lipi" hakuwa anakupima, alitaka mwenzake wa kuzungumza naye kitabu anachokisoma peke yake. Ukamjibu "yote", akajua. Watoto wa shule ni mabingwa wa kutambua mtu ambaye hajasoma kitabu, maana wao wenyewe hufanya hivyo kila wiki; nimewasahihisha miaka 34, najua. Kwa hiyo usiandae hotuba. Jumamosi jioni, akiwepo, chukua wembe au karatasi nyeupe na gundi, ifute ile tiki. Mwambie, "Hiki sikukisoma. Nisomee wewe shairi unalolipenda." Basi. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, kisha mpe diwani mkononi.

Tamthiliya nayo ifanyeni vivyohivyo. Gawaneni wahusika. Wewe usizidishe mmoja au wawili, maana itabidi usimamishe cherehani ili usome, lakini maneno ya mhusika mmoja yanakaririka. Kwa watu wa Nyanda za Juu ningesema Mukwava wa Uhehe, ya Mulokozi, ya mwaka 1979. Mambo yake ni ya hapa hapa: Lugalo, Agosti 17, 1891, alipouawa Zelewski aliyekuwa akiongoza jeshi la Wajerumani, Kalenga kuangushwa Oktoba 1894, Mkwawa kujiua Julai 1898 asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa 1954 na mpaka leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, kilomita chache tu kutoka ninapoandikia. Nimewahi kupeleka wanafunzi pale baada ya kusoma na nimewahi kuwapeleka kabla. Waliosoma kwanza walikaa kimya mbele ya kile kisanduku. Wengine waliuliza chakula ni saa ngapi.

Safari ndiyo aina iliyokuwa inanipa shida kukutafutia, maana vitabu vya safari kwa Kiswahili ni vichache na vingi ni vya watalii. Kisha nikamkumbuka Salim bin Abakari, Mngazija wa Komoro, aliyesafiri na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akaeleza safari yake kwa Kiswahili. Ilichapwa mwaka 1901 ndani ya Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Ni simulizi fupi, na kwa umri wake hakina tena wa kudai hakimiliki, kwa hiyo binti anaweza kukitafuta kwenye intaneti na kukusomea kutoka kwenye simu. Fikiria mtu wa visiwa vya joto amefika kwenye theluji, hana hata neno la kuiita. Msomee mteja anayelalamikia baridi ya Julai.

Kwa hiyo masikio yamechukua tatu: tamthiliya, ushairi na safari. Macho yamebakiwa na nne: kihistoria, wasifu, biashara na sayansi. Zisome mchana, si usiku. Wewe mwenyewe unajua saa ambayo wateja hupungua. Kwa mafundi wengi ninaowajua ni kati ya saa saba na saa nane. Kaa mlangoni kwenye mwanga, miwani usoni, dakika ishirini. Hiyo ni kurasa kumi hivi. Kitabu cha kurasa 150 kinaisha siku kumi na tano. Kuanzia sasa mpaka Novemba kwisha kuna wiki kumi na moja. Toa misiba, harusi na siku ambazo umeme utarudi saa saba hasa na itabidi ukimbilie pasi. Vitatu vinatoshea. Cha nne ni cha Februari.

Ile riwaya ya ukurasa wa 41 iache. Ndiyo, iache kabisa. Mtu haandikiwi hukumu kwa kuacha kitabu, na riwaya ya kihistoria haina sheria ya kuwa na kurasa 300. Tafuta fupi.

Jambo hilo linatuleta kwenye wembamba. Kitabu cha watoto cha kurasa 24 ni kitabu cha watoto. Aina uliiandika mwenyewe, ulitegemea kiwe na kurasa ngapi? Udanganyifu ungekuwa kusoma vya watoto kumi na viwili ukaviita riwaya. Wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert si kitabu kinene, na ndicho ningekupa kwa aina ya wasifu bila kufikiri mara mbili. Huyu mama alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye ukoo wa wafinyanzi. Alitembea akiuza vyungu na kuviimbia ili wanunuzi watoke nje, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mwanamke wa kazi ya mikono, anayeimba akifanya biashara. Utamsoma kwa siku mbili na utamkumbuka kuliko watu wa kurasa 600. Mwenzio wa Uyole akinung'unika kuhusu unene, mwambie asome Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kile cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, juzuu mbili, alichokamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 kikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980, halafu tuone kama kumi na tisa itakuwa ishirini kabla ya Krismasi.

Biashara sina mengi. Vitabu vingi vya ujasiriamali vinasema jambo moja kwa njia kumi. Tafuta kimoja kinachofundisha kuweka hesabu za duka dogo, usome sura ya kukokotoa gharama, kisha ukokotoe sketi moja: kitambaa, uzi, zipu, umeme, saa zako. Nakuhakikishia utapandisha bei.

Kuhusu vitabu vinatoka wapi: vinapanda basi. Mwenzio amesoma 19, maana yake kuna rundo Uyole ambalo limeshamaliza kazi. Mabasi ya Mbeya kwenda Dar es Salaam yote yanapita kwako, na unajua kabisa namna ya kutuma kifurushi, maana nguo za wateja wa mbali unazituma hivyohivyo. Aweke vitano kwenye mfuko, aandike jina na namba ya simu, ampe wakala wa basi. Wewe umrudishie vya kwako vinane. Akienda soko la Mwanjelwa akuangalizie kwenye meza za vitabu vya mitumba. Mashairi ya zamani hukaa chini kabisa ya rundo kwa sababu hakuna anayeyauliza, na muuzaji hupunguza bei kwa furaha. Binti naye aulize maktaba ya shule. Vitabu vya fasihi vya miaka iliyopita, ambavyo havitahiniwi tena, mara nyingi viko kabatini vinaliwa na mchwa. Na mkipita Iringa ingieni maktaba ya mkoa, muulize utaratibu wa uanachama na wa kuazima. Nendeni na picha za pasipoti, msije mkarudishwa kwa ajili yake kama ilivyonitokea mimi zamani, mvua ikinyesha.

Jedwali lisiondolewe ukutani. Chora mstari mwekundu chini ya kumi na tano, uandike Februari 28. Na yule mteja wa ubunge akiuliza tena mbona namba imepungua kutoka tisa kwenda nane, mwambie ulikosea kuhesabu, na kwamba sketi yake itakuwa tayari Ijumaa.